Nafaka ya Povu

Ipo nchi ambayo ukiiulizia njia hakuna atakayekuonyesha, ila ukitembea huku akili imekwenda kwingine waweza kuzinduka ukajikuta umo ndani. Ndivyo alivyofika Tusekile.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa milima ya baridi, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutembea na mbegu. Alikwenda vijiji vya mbali akiacha maharage ya kwao na kurudi na ulezi wa watu wengine, na kila alikopita alikula walichokula wenyeji bila kuuliza maswali mengi. Siku hiyo alikuwa akikatiza uwanda wa chumvi. Ukungu ulikuwa umelala chini, haupiti magoti, naye akaona kama anatembea juu ya maziwa. Aliwaza habari za nyumbani hata akaisahau miguu yake. Ukungu ulipoinuka, mbele yake palikuwa na vilima vilivyowaka rangi, vyekundu na vya njano na vya zambarau, mithili ya kanga zilizoanikwa na ukoo mzima siku ya arusi.

Tusekile alisimama akacheka peke yake, maana aliijua mimea ile. Ilikuwa kwinoa, imesimama kimo cha mtu, mashuke yameinama kwa uzito. Kwao milimani ilifika mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa machanga. Watu waliipanda kwa kukata tamaa, kwenye ardhi iliyochoka yenye mawe na baridi ya kuua migomba, nayo ikaota kana kwamba haikusikia habari za ukame. Majani waliyapika kama mchicha, punje wakazipika kama wali, na watoto wakauvuka mwaka ule mashavu yao yakiwa mahali pake. Kwa hiyo alipoiona nchi nzima imevikwa kwinoa alijisemea kwamba amefika kwa watu walioshiba.

Watu wenyewe alianza kuwaona karibu na lango. Walivaa mavazi meupe ya kuumiza macho, na walikuwa wembamba kiasi kwamba upepo ukivuma nguo zilitangulia na mwenyewe akafuata. Walizungumza kwa sauti za chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Mzee mmoja mrefu, kitambaa cheupe kimekunjwa juu ya mkono wake, alimjia polepole.

"Umetakata?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee," alisema Tusekile.

"Marahaba. Huku kwetu mtu huulizwa kama ametakata, naye hujibu kwamba ametakata. Ndiyo maamkizi yetu. Hii ni nchi ya Kweupe. Naitwa Ngwali, ni Mhakiki wa Weupe, na wageni wanaopita lango hili hufikia kwangu. Mgeni kwetu ni kitu kikubwa. Sheria inatutaka tumpe kilicho bora kuliko tulicho nacho wenyewe."

Nyumba ya Ngwali ilikuwa imepakwa chokaa nje na ndani. Humo aliishi na bintiye, Sikujua, ambaye mumewe alikuwa amekwenda kutafuta mahindi ufukoni mwa ziwa na hajarudi. Sikujua alikuwa na mtoto mchanga wa kike aitwaye Mwanamvua. Tusekile alimpakata yule mtoto akashtuka kwa wepesi wake. Alikuwa na macho makubwa yaliyomtazama mtu bila kudai chochote.

"Halii?" Tusekile aliuliza.

"Watoto wa huku hawalii, mama," Sikujua alijibu. "Tunasifiwa kwa hilo."

Ulipofika wakati wa chakula, Sikujua aliwasha moto akainjika sufuria ya maji. Mlangoni kwa kila jirani moshi ulikuwa ukipanda sawasawa na wao. Maji yalipochemka aliyaipua, akatandika kitambaa, akapanga sahani zilizong'aa, nao wakakaa. Ngwali alinawa mikono, akaitazama sahani yake tupu kwa muda, akasogeza vidole kutoka sahani hadi kinywani bila kitu ndani yake. Bintiye alifanya vivyo hivyo. Kisha wakashukuru na kuondoa vyombo. Mbele ya Tusekile peke yake waliweka bonge dogo la ugali, jepesi na jeupe kama pamba, nao wakageuza nyuso ukutani ili asione haya kula.

"Huu ndio Mlo wa Heshima," Ngwali alieleza baadaye, wamekaa barazani. "Unga ukiwapo tunakula. Usipokuwapo tunakula kwa heshima. Hakuna nyumba ya Kweupe ambayo moshi wake haupandi."

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Aliyasema mambo ya nchi yake kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni picha za wazazi wake, na Tusekile alielewa kidogo kidogo. Wazee wa kwanza wa Kweupe walifika wakiwa wakimbizi, wakalima mahindi, wakapata unga mweupe, na mara ya kwanza walipoushika mikononi walilia. Tangu hapo ikawa sheria kwamba chakula ni kile kilicho cheupe, na kisicho cheupe ni kitu kingine. Kazi ya Mhakiki ilikuwa kuweka kitambaa chake karibu na unga wa kila nyumba. Unga ukishindwa na kitambaa ulimwagwa. Vitambaa navyo, kwa sababu watu waliona fahari kufua, vilizidi kuwa vyeupe mwaka hadi mwaka, na unga ukalazimika kuvikimbiza. Walikoboa pumba, wakakoboa kiini, wakaosha kilichobaki, mpaka ugali wao ukawa kitu cha kupita kooni bila kuacha habari. Halafu mvua zikabadili njia. Vilimani mahindi yakakoma kabisa, yakabaki machache kando ya ziwa, na ziwa lenyewe lilikuwa linarudi nyuma kila kiangazi kama mtu anayeaga bila kutaka kusikika.

"Na vile vilima?" Tusekile aliuliza. "Nimeona vimejaa nafaka."

Ngwali alimtazama kwa mshangao. "Nafaka ipi? Ile ni povu."

Kesho yake Sikujua alimpeleka akaone. Nje ya mji palikuwa na mabirika marefu ya mawe, na wanawake wamejipanga pembeni, mikono imezama hadi viwikoni. Walipukusa mashuke ya kwinoa ndani ya maji, wakazisugua punje kwa viganja, na povu likainuka. Lilikuwa povu jeupe na jepesi. Lilipozidi birika lilijimega vipande vikapaa, vikaelea juu ya mabati na kuta za chokaa, na mji mzima ukawa kama unaota. Wanawake waliyakinga maji yale wakafulia. Punje zenyewe, zilizooshwa zikatakata, walizikusanya kwa makarai wakazimwaga korongoni.

Tusekile alimshika Sikujua mkono. "Mwanangu, mnatupa nini hapo?"

"Makapi ya povu."

"Hebu njoo tukae hapa." Walikaa juu ya jiwe, na Tusekile akachota punje kiganjani. "Hiki ni chakula. Kwetu tunakila. Uchungu wake umo kwenye lile povu, nanyi mmekwisha kuutoa. Kazi ngumu mmeimaliza, mkatupa kilichobaki."

Sikujua alizigeuza punje zile kwa kidole. "Si nyeupe," alisema.

"Si nyeupe, ndiyo."

"Baba ni Mhakiki, mama. Anayekula kisicho cheupe huvushwa ng'ambo ya chumvi, asirudi akiwa mtu wa Kweupe tena."

Tusekile hakumshurutisha. Alikwishaona katika safari zake kwamba mtu mwenye njaa hapendi kufundishwa. Alikwenda kwenye kimojawapo cha vyungu vikubwa ambamo wanawake walichemshia nguo, akachota maji ya moto akayatia katika chungu kidogo mekoni, akazipika punje zile akiwa amewapa wengine mgongo. Zilipoiva zilifunguka, na kila moja ikatoa kijimkia chembamba kilichojikunja ubavuni. Harufu yake ilikuwa ya karanga zinazokaangwa nyumba ya tatu. Alikula mwenyewe, taratibu, bila neno. Sikujua alisikia harufu ile ikampitia puani hadi magotini. Alipapasa kama kipofu, akaingiza vidole chunguni.

Alikula huku machozi yakimtoka, na alipomaliza alikaa, mkono juu ya tumbo, kama mtu aliyesikia hodi.

Mambo kama yale hayahitaji mpiga mbiu. Jirani aliyefulia karibu aliuliza, akaonjeshwa. Huyo naye alikuwa na dada. Katika muda usio mrefu mabirika ya kufulia yakawa na pilika mpya. Nguo zilifuliwa hata zisizochafuka, vyungu vilichemka kutwa nzima, na wanawake walirudi mjini na kitu kimefungwa ndani ya nguo mbichi. Nyumbani walikaa kwenye Mlo wa Heshima pamoja na waume zao na baba zao, wakasogeza vidole vitupu kinywani kwa adabu kuliko zamani, maana sasa walikuwa na nguvu za kuigiza.

Maziwa ya Sikujua yalirudi. Alimwambia Tusekile habari hiyo kwa kunong'ona, uso umemng'aa, kama msichana anayeeleza juu ya barua ya kwanza. Tusekile naye, aliyekuwa amekusudia kupita tu, akaahirisha safari yake.

Kilichowaumbua ni sauti. Mwanamvua alipata nguvu, na mtoto mwenye nguvu hudai. Asubuhi moja alilia, si kilio cha mgonjwa bali kile cha mtu aliyecheleweshewa haki yake, na sauti ikapenya kuta za chokaa, ikasikika mtaa mzima, mahali ambapo watu wazima walikuwa hawajasikia kilio cha mtoto kwa miaka. Watu walitoka nje. Baadhi yao walijishika vifua bila kujua kwa nini. Wengine walikwenda moja kwa moja kushitaki kwenye baraza la wakuu wa nchi.

Ngwali alisimama kwenye mlango wa chumba cha bintiye. Alimwona mjukuu wake, ngumi amekaza, uso umekunjamana kwa hasira. Akamwona na Sikujua, ambaye mashavu yake yalikuwa yamerudi.

"Ni nini umekula?" aliuliza.

"Povu, baba. Punje zake."

Mzee alikaa chini, pale pale kizingitini. Tusekile, aliyekuwa ndani, aliona mikono yake ikikunja na kukunjua kile kitambaa.

"Ungeniambia mapema ningejua la kufanya," alisema Ngwali. "Sasa wameshasema wao. Na mimi nina kiapo."

Baraza la Kweupe liliketi katika ukumbi wa mviringo, wajumbe wamepangwa kwa weupe wa mavazi yao, waliong'aa zaidi wakiwa karibu na kiti cha Mkuu. Mkuu mwenyewe alikuwa bibi mmoja aitwaye Thureya, mwenye sauti tamu na macho yaliyolegea kwa njaa ya muda mrefu. Sikujua alisimamishwa katikati na mtoto wake. Ngwali aliitwa, akaja na bakuli la punje zilizopikwa, akaliweka juu ya kigoda, akakitandaza kitambaa chake kando yake. Hakumtazama bintiye. Punje zilikuwa na rangi ya asali iliyochujwa, na kitambaa kilikuwa cheupe kabisa.

"Imeshindwa," alisema.

Mjadala ulianza. Mjumbe mmoja alisema kwamba jambo halina utata, kitu hakiwezi kuwa sabuni asubuhi na chakula mchana. Mwingine aliuliza, kama watu watakula povu, watafulia nini, na wakifulia wasishibe, je, si afadhali kuliko kushiba wakiwa wachafu? Mwingine aliinuka kwa shida, akashika nguzo, akasema kwamba njaa ya Kweupe ni urithi wa wazee na haifai kuvurugwa na mapishi. Watu wakamwunga mkono kwa kugonga kucha mezani, kwa kuwa kupiga makofi kulikuwa kumewashinda siku nyingi. Mmoja, kijana kuliko wote na mwenye vazi lililofifia, akiwa ameketi mwisho kabisa, alisema kwamba yeye angependa kuonja. Hakujibiwa.

Ndipo Bibi Thureya akamgeukia Tusekile.

"Mgeni wetu, tumesikia kwamba jambo hili umekuja nalo wewe. Tuambie. Huko duniani, nani wanaokula kitu hiki?"

Tusekile alisimama. Alitaka kusema kweli ya nyumbani, kwamba huliwa na watoto na wazee na wakulima wenye mawe mashambani, na kwamba mwaka wa ukame kiliwavusha. Lakini alizitazama zile nyuso nyembamba zilizotakata, akajua kwamba akilitamka neno mkulima, Sikujua atavuka chumvi siku hiyo hiyo. Kulikuwa na kweli nyingine aliyoisikia kwa wasafiri, nayo akaichagua.

"Mheshimiwa," alisema, "nimesikia kwamba katika miji mikubwa ng'ambo ya bahari wakubwa hukila. Hukiweka katikati ya sahani pana sana, kifungu kidogo sana, na jani moja juu yake. Hukila polepole wakisifu afya zao. Na wapo wanaosafiri ili wakaone kinakoota."

Yule aliyeshika nguzo akaketi. Bibi Thureya aliegemea mbele, na kwa mara ya kwanza macho yake yakafunguka sawasawa.

"Sahani pana?" aliuliza.

"Pana sana, Mheshimiwa."

Sikujua akaachiliwa kabla jua halijafika utosini. Tusekile alimkumbatia nje ya ukumbi, na mtoto katikati yao. Ngwali alisimama mbali kidogo, kisha akaja, akamgusa mjukuu wake kisigino kwa kidole kimoja.

Furaha ile haikudumu. Baraza liliendelea kukaa baada ya wao kutoka, likatoa tangazo. Kwamba povu si povu tena. Jina lake ni kwinoa. Kwamba ni chakula cha wakubwa wa dunia, na kwa hiyo si halali mtu wa kawaida wa Kweupe kukigusa, asije akakipunguzia hadhi. Kwamba mashamba yote yazungushiwe walinzi. Kwamba ijengwe Nyumba ya Wageni, yenye meza ndefu na sahani pana, na kila siku kwinoa ipikwe iandaliwe humo, kwa ajili ya wageni watakaokuja kuona inakoota. Na kwa kuwa Ngwali alikuwa na uzoefu wa wageni, yeye ndiye atasimama mlangoni.

Wanawake waliwahi mabirikani wakakuta walinzi. Hakukuwa na punje, wala povu. Korongo lenyewe lilichotwa hadi mawe yakaonekana, kila kilichokuwa kimemwagwa kikapelekwa kwenye ghala la wageni.

Basi zikaja siku za ajabu. Nguo zilianza kufifia. Kwanza zikawa na rangi ya maziwa yaliyokaa, halafu ya majivu, na watu walipokutana njiani walisalimiana macho yakitazama chini. Katika Nyumba ya Wageni meza iliandaliwa kila siku. Kwinoa ilipikwa na bamia, na nyanya, na nyingine kwa majani yake, ikatandazwa kwenye sahani pana na jani moja juu. Harufu ilitoka madirishani ikazunguka mji mzima polepole kama mtu anayetafuta nyumba ya ndugu yake. Hakuna mgeni aliyefika. Jioni chakula kilizikwa kwa heshima zote nyuma ya ukuta, kwa sababu sheria ilikataza kumpa mtu kisichokuwa haki yake.

Tusekile alikuwa mgeni, naye aliruhusiwa kula. Alikwenda siku ya kwanza akakaa peke yake kwenye ile meza, akaisukuma sahani kando. Alipojaribu kumtolea Sikujua kidogo katika upindo wa nguo, mlinzi aliupekua.

"Nilikuponya nikakuua," alimwambia Sikujua aliporudi.

Sikujua alikuwa akimbembeleza mtoto, ambaye kilio chake kilikuwa kimeanza tena kupungua. Kupungua kule kulimtisha kuliko kelele yoyote. Hakumlaumu Tusekile. Aliuliza jambo ambalo lilionekana halihusiani na lolote.

"Mama, wewe ulipofika langoni, walikuuliza uthibitisho gani kwamba u mgeni?"

"Hawakuniuliza. Nilitoka kwenye chumvi nikaingia."

"Basi?"

"Basi."

Sikujua alimfunga mtoto mgongoni. Alikwenda kwa jirani aliyefulia naye, na jirani akaenda kwa dada yake. Ukungu wa asubuhi ulipokuwa bado chini, wanawake wa Kweupe walitoka langoni kimya, nguo zao za kijivu zikipotea humo ndani kuanzia miguuni. Walinzi hawakuwazuia, maana hakuna aliyewahi kukataza watu kutoka. Tusekile alikwenda nao. Walitembea juu ya chumvi mpaka lango likawa doa. Mama mmoja mzee alisema, sasa tuko mbali kweli, na wengine wakakubali kwamba wako mbali. Walikaa kidogo, kwa kuwa ilionekana ni utovu wa adabu kuwa mgeni wa haraka. Wakaangalia vilima vyao vyekundu na vya zambarau kutoka upande ule, ambako hakuna kati yao aliyewahi kuviona.

"Kuzuri," alisema Sikujua. "Twendeni tukaone inakoota."

Ngwali alikuwa amesimama mlangoni pa Nyumba ya Wageni tangu alfajiri, kitambaa mkononi. Kitambaa nacho kilikuwa kijivu. Aliwaona wakija barabarani, msafara mrefu wa wanawake wenye vumbi la chumvi miguuni, na mbele yao bintiye mwenyewe. Watu walisimama madirishani. Bibi Thureya alitoka akasimama kwenye ngazi za baraza, ameshika ukuta.

Sikujua alisimama mbele ya baba yake. 

"Mmetoka wapi?" mzee aliuliza, kama kazi yake ilivyomtaka.

"Tumetoka mbali," Sikujua alijibu. "Tumesikia nchi yenu ina nafaka. Na tuna njaa."

Ngwali alimtazama sana. Alizitazama nyuso zote zile, kila moja aliijua jina lake na mahali ilipozaliwa. Kisha akageuka kwa Bibi Thureya aliyekuwa kwenye ngazi, akamwangalia, na yule bibi akafungua kinywa, akakifunga. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Mgeni ni mtu aliyetoka kwenye chumvi.

Mzee aliingia ndani. Alivuta kiti cha kwanza, akakipangusa kwa kile kitambaa cha Mhakiki.

"Karibuni," alisema. "Karibuni wageni wetu. Mmechelewa sana."

Walikula. Hawakula kifungu kidogo katikati ya sahani. Waliongeza, wakaongeza tena, wakalisha watoto kwa vidole. Madirishani walijaa watu, na Ngwali akawa anapita na makarai kutoka jikoni, jasho limemtoka, asionje hata punje, kwa kuwa yeye hakuwa ametoka popote. Tusekile alimwona akinusa mvuke akiwa ameyafumba macho.

Asubuhi iliyofuata Tusekile aliaga. Alipofika langoni ilimbidi asimame pembeni kupisha watu. Nchi nzima ilikuwa ikitoka. Waume na wazee, wajumbe wa baraza na mavazi yao yaliyofifia, yule kijana aliyetaka kuonja, Bibi Thureya akiwa ameegemea mkono wa mlinzi. Wote walielekea kwenye ukungu kwa adabu, wakajifanya hawajuani. Walio mbele walikuwa wamekwisha kugeuka, wanarudi, wanatazama huku na huku kama watu wanaoona mji kwa mara ya kwanza. Wengine waligusa kuta za chokaa. Mmoja aliokota shuke lililoanguka njiani, akaliuliza jina lake kwa mtu wa karibu.

Katika wale wanaorudi alikuwamo Ngwali. Hakuwa na kitambaa. Chumvi ilikuwa imemshika hadi magotini, na hakufuata njia aliyoizoea maisha yake yote. Alikuja upande upande, akisita kwenye kila kona. Alipomfikia Tusekile alisimama, akasafisha koo.

"Samahani, mama," alisema. "Mimi mgeni huku. Naomba kuuliza, wenyeji wa hapa hula nini?"

Tusekile alitua mzigo wake. Alimshika mkono akamwonyesha mlango ulio wazi, ambako Sikujua alikuwa akipakua.

"Pale," alimwambia. "Ukifika sema tu kwamba una njaa."